Chaza wa mezani kwetu nao wapimwe

Mwalimu yeyote aliyewahi kutunga mtihani anafahamu jambo ambalo wanafunzi wake huchelewa kulitambua, nalo ni kwamba mtihani hujibu lililoulizwa tu. Mtahiniwa aliyepata alama tisini katika karatasi ya hisabati hajatuthibitishia kwamba anajua kuogelea. Darasani jambo hili ni la mzaha. Katika chakula tunachotia kinywani halina mzaha hata kidogo, na kisa ninachotaka kumsimulia msomaji leo, ingawa kilitukia mbali, kinatuhusu sisi wakazi wa nchi yenye pwani kuliko tunavyodhani.

Mwishoni mwa Novemba 1987 madaktari wa Montreal, nchini Canada, walianza kupokea wagonjwa waliowatatiza. Wagonjwa hao walikuwa wakitapika, wakiumwa na tumbo na kuhara, dalili ambazo daktari huziona kila siku na wala hazimshtui. Ila baadhi yao waliingiwa na maumivu makali ya kichwa, wakachanganyikiwa, na wengine wakapatwa na degedege na kupoteza fahamu. La kutisha zaidi lilionekana kwa baadhi ya wale waliopata nafuu. Akili zao zilikuwa timamu, lakini hawakuweza kushika jambo jipya. Mtu akiambiwa neno, baada ya muda limefutika kana kwamba halikusemwa kamwe.

Wote walikuwa wamekula kome, wale jamaa ya chaza wenye magamba mawili meusi, waliotoka katika mashamba ya baharini ya Prince Edward Island, kisiwa kilichoko mashariki mwa nchi hiyo. Kome hao hawakuwa wameoza. Walitoka katika maji safi, wakasafirishwa katika barafu, wakapikwa inavyopasa. Hata hivyo wagonjwa 107 walithibitishwa, 19 wakalazwa hospitalini, na 12 kati yao wakawekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wazee watatu walifariki.

Hapo pana swali ambalo msomaji makini ataliuliza mara moja. Canada ni nchi tajiri, yenye maabara na wakaguzi, nayo ilikuwa na desturi ya miaka mingi ya kupima kome na chaza kabla ya kuwaruhusu sokoni. Je, kipimo kilikuwa wapi?

Kipimo kilikuwapo, na yafaa tukieleze kwa kirefu, kwa maana ni miongoni mwa vipimo vya ajabu vilivyowahi kubuniwa katika elimu ya chakula. Mwaka 1927 watu 102 waliugua na 6 kufa karibu na San Francisco, Marekani, baada ya kula kome waliookotwa miambani. Wataalamu wawili wa chuo kikuu cha California, Hermann Sommer na Karl Meyer, waliifuatilia sumu ile miaka kumi. Hawakujua ilivyoundwa, elimu ya kemia ya siku zile haikuwa imefika huko. Basi wakaamua kuipima kwa matendo yake. Walisaga nyama ya kome, wakaichemsha katika asidi hafifu ya hidrokloriki, wakauchuja mchuzi wake, kisha wakamdunga panya mweupe wa maabara tumboni kwa mililita moja ya mchuzi huo na kumtazama huku saa ikihesabu. Kadiri sumu ilivyokuwa kali ndivyo panya alivyokufa upesi. Kiasi cha sumu kinachomuua panya wa gramu 20 katika dakika 15 wakakiita kipimo kimoja cha panya. Kwa njia hiyo, iliyochapishwa mwaka 1937, dunia ilipima chaza wake kwa zaidi ya nusu karne.

Sumu waliyokuwa wakiitafuta leo inajulikana kwa jina la saksitoksini. Huziba milango midogo ambayo chumvi ya sodiamu hupitia kuingia katika seli za neva, na neva isiyopitisha sodiamu haipeleki ujumbe. Midomo hufa ganzi, kisha vidole, kisha miguu hulegea, na mwisho misuli ya kupumulia husimama. Dawa ya kuitangua haipo. Mgonjwa husaidiwa kupumua kwa mashine hadi mwili wake uiondoe sumu wenyewe. Kiwango cha juu kinachokubaliwa ni mikrogramu 800 katika kilo moja ya nyama, yaani chini ya gramu moja katika tani nzima. Mwalimu wa hisabati anaweza kulipeleka jambo hilo ubaoni kesho asubuhi.

Sasa turejee Canada. Kome wa Prince Edward Island walipopelekwa maabara baada ya watu kuugua, walipimwa kwa kipimo hicho hicho cha panya. Kama swali lingekuwa tu, "Je, mna saksitoksini humu?", jibu lingekuwa "Hamna", na pengine faili lingefungwa. Lakini panya wale hawakuishia kufa tu. Kabla ya kufa walifanya jambo ambalo wakaguzi hawakuwa wamezoea kuliona: waliinua mguu wa nyuma na kujikuna begani, tena na tena, kisha wakaingiwa na degedege. Panya wa saksitoksini hajikuni. Kwa hiyo sumu hii ilikuwa nyingine.

Mimi humfikiria mara nyingi yule mtumishi wa maabara aliyesimama mbele ya kizimba siku ile. Kazi yake ilikuwa kuandika dakika ambazo panya amechukua kufa. Angeweza kuandika tarakimu yake na kwenda kunywa kahawa. Yeye akatazama, akaona kitu ambacho fomu yake haikuwa na nafasi ya kukiandika, na hakukinyamazia.

Katikati ya Desemba, wanakemia wa maabara ya taifa ya utafiti iliyoko Halifax walikabidhiwa kazi. Walichukua kome wenye sumu na kome wasio na sumu, wakatengeneza mchuzi wa kila aina, kisha wakaugawanya mchuzi huo mafungu kwa mafungu: vinavyoyeyuka katika maji huku, vinavyoyeyuka katika mafuta kule. Kila fungu likajaribiwa kwa panya. Fungu lililomfanya panya ajikune likagawanywa tena, na yaliyosalia yakawekwa kando. Waliendelea hivyo usiku na mchana, hatua kwa hatua, hadi kikabaki kitu kimoja tu. Kazi hii iliwachukua siku tano. Kwa yeyote anayejua jinsi utafiti wa namna hiyo unavyoweza kumla mtu miaka, siku tano ni muda wa kustaajabisha.

Kitu walichokipata kilikuwa asidi ya domoiki, na hapa kisa kinapata kichekesho chake. Asidi hiyo haikuwa ngeni. Wajapani walikuwa wameitenga mwaka 1958 kutoka katika mwani mwekundu unaoitwa doumoi katika lahaja ya kisiwa kimoja cha kusini mwa Japani, ambako watu waliutumia mwani huo kama dawa ya minyoo. Dozi ya miligramu 20 ilitolewa hata kwa watoto, minyoo ikatoka, na watoto wakaenda zao kucheza. Nani basi angedhani kwamba dawa ya minyoo ndiyo iliyowaua wazee wa Montreal? Jawabu limo katika kiasi. Kome waliowadhuru watu walikuwa na miligramu 310 hadi 1,280 za asidi hiyo katika kila kilo ya nyama. Sahani moja ilitosha kumpa mlaji mara nyingi ya dozi ya yule mtoto wa Kijapani.

Namna inavyodhuru ni rahisi kueleza. Ubongo una kemikali yake ya kusisimua neva, iitwayo glutamati. Asidi ya domoiki inafanana nayo kwa umbo, kwa hiyo huingia katika nafasi zake kama ufunguo bandia katika kufuli, isipokuwa haijui kuacha. Neva husisimuliwa mfululizo hadi inakufa. Zinazoumia zaidi ni zile za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, na ndiyo maana wagonjwa wale hawakuweza kushika walichoambiwa.

Chanzo chenyewe kiligunduliwa ndani ya maji. Kilikuwa kimea kidogo mno, jamii ya diatomu, kinachojulikana leo kwa jina la Pseudo-nitzschia, kilichokuwa kimezaana kwa wingi usio wa kawaida katika hori la mto Cardigan majira yale. Kome hana kosa lolote. Yeye na chaza na kombe huishi kwa kuyachuja maji, makumi ya lita kwa siku, na kula vimelea na vimea wadogo wanaonaswa humo. Maji yakijaa vimea vyenye sumu, sumu hukusanyika katika nyama yake, na yeye mwenyewe huendelea kuishi bila ya kuonyesha dalili yoyote. Hanuki. Habadiliki rangi. Ladha yake ni ile ile. Wala moto hausaidii, kwa sababu sumu hizi hazivunjwi na mchemsho wa sufuria wala na limau.

Watu wengi pia huamini kuwa hatari huonekana kwa macho, kwamba maji hugeuka mekundu. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika jambo hili inaweza kuua. Yapo maji yanayokuwa mekundu kwa vimea visivyo na sumu kabisa, na yapo maji maangavu yenye sumu ya kutosha kumlaza mtu. Mwili wa chaza wenyewe nao una tabia tofauti: kome wengi hujisafisha katika siku au wiki chache maji yakiwa safi tena, ilhali yuko kombe mmoja wa pwani ya Alaska na Canada, Saxidomus, ambaye ndiye aliyeipa saksitoksini jina lake, na huyo anaweza kuibeba sumu hata miaka miwili.

Baada ya msiba ule Canada iliweka kipimo cha asidi ya domoiki, miligramu 20 kwa kilo, na nchi nyingine zikakifuata. Kanuni yenyewe si ngumu kuielewa. Maafisa huchukua sampuli za maji na za nyama mara kwa mara mahali palepale. Vimea vikizidi au sumu ikifikia kiwango, eneo lote hufungwa. Na halifunguliwi hadi sampuli za baadaye zimeonyesha usalama. Hakuna anayengoja mgonjwa wa kwanza.

Sasa niseme neno juu ya mabadiliko yaliyofuata, kwa maana wengi wa wanafunzi watauliza kama panya bado wanadungwa. Kwa sehemu kubwa, la. Kipimo cha panya kilikuwa na kasoro nyingi. Ni cha kikatili. Majibu yake hutofautiana kwa aina ya panya na hata jinsia. Tena, jambo ambalo ni la kushangaza kwa kuzingatia historia niliyoisimulia, panya huyo huyo hafai kwa ukaguzi wa kila siku wa asidi ya domoiki, maana haonyeshi dalili hadi kiasi kiwe karibu mara mbili ya kiwango kilichokubaliwa. Kwa sumu zinazoyeyuka katika mafuta, Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia Julai 2011 kipimo rasmi kiwe mashine inayozitenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli za kila moja, na panya akaachiwa muda wa mpito hadi mwisho wa 2014. Mashine hizo huona kiasi kidogo ajabu, nazo hutaja sumu kwa jina lake.

Nazikubali. Lakini mashine haina bega la kujikuna. Huwekewa sampuli safi ya sumu inayojulikana, huambiwa, "Tafuta hii," nayo huitafuta kwa uaminifu mkubwa. Isiyoambiwa, haiitafuti. Na bahari haijamaliza kutuonyesha yaliyomo ndani yake. Mwaka 1995 watu wasiopungua wanane waliugua nchini Uholanzi baada ya kula kome waliotoka Killary Harbour, Ireland. Dalili zao zilifanana na za sumu ya kuharisha iliyokuwa ikijulikana, lakini sumu hiyo ilipotafutwa ilipatikana kidogo mno kiasi cha kutoweza kueleza maradhi yale. Ilichukua hadi 1998 kuipata na kuieleza sumu mpya, iliyopewa jina la azaspiraidi. Sheria ile ya Ulaya ya mwaka 2011 iliacha mlango mmoja wazi: panya waliruhusiwa kuendelea kutumiwa katika ukaguzi wa vipindi wa maeneo ya uvunaji, kwa ajili ya kutafuta sumu mpya au zisizojulikana. Walioandika kifungu hicho walikuwa wakikumbuka jambo.

Msomaji wa Kwale au wa Lamu huenda amefika hapa akiwa na subira inayopungua. Atasema: hayo ni mambo ya bahari baridi, ya nchi zinazofuga kome kama tufugavyo kuku, sisi yatuhusu nini?

Yatuhusu. Katika mwaka ule ule wa 1987, miezi michache kabla ya Montreal, watu 187 waliugua katika Champerico, bandari ndogo ya pwani ya Pasifiki nchini Guatemala, baada ya kula kombe na mchuzi wake. Waliokufa walikuwa 26. Sumu ilikuwa saksitoksini, na kimea kilichoileta ni Pyrodinium, kinachopenda bahari za joto. Kwa watoto wa chini ya miaka sita waliougua, nusu walikufa. Kwa watu wazima, ni 7 katika kila 100. Linganisha sasa idadi hizo na zile za Canada, kisha jiulize ni kisa kipi kati ya viwili hivyo kilichozaa vitabu, mikutano na kanuni za kimataifa. Kome wa Prince Edward Island walikuwa na soko kubwa. Kombe wa Champerico walikuwa kitoweo cha watu maskini.

Ufilipino, nchi ambayo haina utajiri wa Canada, ilivamiwa na kimea hicho mwaka 1983. Leo idara yake ya uvuvi hutoa taarifa kwa umma zikizitaja ghuba kwa majina: hapa msile kombe wala chaza, pale mnaweza, na samaki, ngisi na kamba ni halali kwa sharti waoshwe na matumbo yao yatolewe. Mama wa nyumbani huisikia taarifa kabla hajaenda sokoni. Ni kazi ya maabara chache, ya maafisa wanaoingia majini na ya redio.

Sisi tuna pwani ya aina hiyo. Maji ya bamvua yanapokupwa Gazi, chaza huonekana wameshikilia mizizi ya mikoko na miamba, na wanaowachuma aghalabu ni kina mama na watoto. Ng'ambo ya pili, katika ghuba za Unguja, wanawake huwakusanya kombe na kuwafuga chaza wa lulu. Chakula hiki hakisikiki sana katika takwimu za taifa, kwa kuwa sehemu kubwa yake haipiti mnadani wala bandarini. Hutoka majini kikaingia chunguni. Ndicho protini ya siku ambazo mashua hazikutoka.

Na bahari yetu haijatunyima ishara. Mapema mwaka 2002 samaki walikufa kwa wingi kando ya pwani ya Somalia na kaskazini mwa Kenya, na wataalamu wakalihusisha jambo hilo na mlipuko wa vimea vya baharini vyenye madhara. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao wakiwa watoto, na wa tisa mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Kasa si chaza, na kumvua ni kosa kisheria, hilo nalijua. Nakitaja kisa hiki kwa sababu sumu ya nyama ya kasa hudhaniwa kutokana na anachokula baharini, kama ilivyo kwa chaza, na kwa sababu sumu yenyewe haijatambuliwa hadi leo. Hakuna kipimo chake. Hakuna swali lililokwisha kutungwa ambalo maabara ingeweza kuulizwa. Wakazi wa Panza walibaki na onyo la kutokula kasa, ambalo ni onyo jema, na makaburi tisa.

Wakenya hatuna haja ya kufundishwa maana ya sumu isiyoonekana. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo nayo haiondolewi na moto wa jikoni. Mahindi yale hayakuwa ya kusafirishwa nje. Yalikuwa ya ghala la nyumbani. Kwa upande mwingine, mwaka 1999 Ulaya ilipofunga milango kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya dawa za kuulia wadudu, serikali, wenye viwanda na maabara walihangaika pamoja hadi soko la mbuta likafunguliwa tena. Silaumu juhudi hizo. Zilinusuru riziki za maelfu. Ninalolalamikia ni mpangilio wa fikra unaojitokeza tukiyaweka matukio haya mawili pamoja. Mlaji wa ng'ambo hupimiwa chakula chake kabla hajala. Mlaji wa hapa hupimiwa baada ya mazishi.

Chaza wa Gazi hana mnunuzi wa ng'ambo wa kumdaia cheti. Basi ni nani atakayedai? Mimi nashikilia kwamba dai hilo ni letu, na kwamba linawezekana bila ya kungoja mashine ya mamilioni ya shilingi. Nchi yetu ina taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, yenye makao yake Mombasa. Ina serikali za kaunti katika pwani yote, kuanzia Kwale hadi Lamu. Kinachotakiwa kwanza ni ratiba: vituo vichache vya kudumu, sampuli ya maji na ya nyama kila baada ya muda uliowekwa, katika kusi na katika kaskazi, mwaka baada ya mwaka, hata wakati ambapo hakuna aliyeugua. Sampuli ya nyama inaweza kugandishwa na kupelekwa kwenye maabara yenye uwezo. Hesabu ya vimea katika maji inaweza kufanyika papo hapo. Na zahanati za pwani zielekezwe kumwuliza mgonjwa anayelalamika ganzi ya midomo baada ya chakula, "Umekula nini, na kimetoka wapi?", kisha kuliandika jibu.

Hapa ndipo ninapowaita walimu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2001, upo mtandao wa watu wa kujitolea, wakiwamo walimu na wanafunzi wa shule, unaosimamiwa na idara ya serikali inayoshughulikia bahari. Huteka maji kwa wavu wa kitambaa laini, huyaangalia kwa hadubini, hutambua vimea vinavyoshukiwa, na kupeleka taarifa kwa wataalamu. Hadubini ya kawaida ya shule ya sekondari inatosha kumwonyesha kijana vijiti vyembamba vya Pseudo-nitzschia, vilivyoshikamana ncha kwa ncha kama mlolongo wa mashua zilizofungwa tezi kwa omo. Haitamwambia kama vina sumu, kwa maana vingine vya jamii hiyo havina, na ni wajibu wa mwalimu kulisema hilo waziwazi ili asizuke mtu wa kutangaza hofu mtaani. Lakini itamwambia mtaalamu wa Mombasa kwamba wiki hii, katika hori hili, inafaa chaza wapelekwe kupimwa.

Huenda mwenye kusimamia mtaala akaniuliza jambo hili litaingia katika somo gani. Biolojia, kemia, hisabati, jiografia, achague. Mimi ningeanza kwa daftari moja la mistari, lenye safu ya tarehe, ya hali ya maji, ya upepo na ya vilivyoonekana katika hadubini. Na ningeacha safu moja ya mwisho, pana kuliko zote, isiyo na kichwa, kwa ajili ya lile ambalo mwanafunzi ataliona na fomu haikumwuliza.